Uvimbe wa ziwa ukiwa na mimba: usikubali kuambiwa "ni maziwa tu"

Mwenzenu niliujua nikiwa na mimba ya wiki 16, mimba yangu ya pili. Nakoga jioni, mkono ukapita ubavuni mwa ziwa la kushoto nikahisi kitu kama kokwa ya zambarau, kigumu, kinateleza, hata hakiumi. Nikasema ah, maziwa hayo. Wiki tatu mbele kokwa imeshakuwa ndimu, na kufika wiki ya 22 ilikuwa danzi zima, ngozi imevutika inang'aa na mishipa imejichora juu yake, na kila niliyemuonesha ananambia lile lile, mimba hiyo, maziwa yanajikusanya, ukizaa tu yatatoka.

Hayakuwa maziwa. Ulikuwa uvimbe unaitwa filodesi, ambao katika kila uvimbe 100 wa maziwa haufiki hata mmoja, kwa hiyo hata wafanyakazi wengi wa spitali hawajapata kuuona kwa macho yao. Naandika nilivyokwenda nao mana wakati ule nilikuwa natafuta kwa Kiswahili sipati kitu, nikipata ni habari za saratani ya kawaida ambazo nusu yake hazinihusu, nabaki kulia tu. Mie si daktari, mie mwalimu wa skuli ya msingi, kwa hiyo haya ni ya kukufanya uende kwa daktari ukiwa na maswali mkononi, sio ya kujitibia.

Anza na rula

Maziwa ya mwenye mimba yanabadilika, yanajaa, yanakuwa na mafundomafundo, na vivimbe vingi vinavyoonekana wakati wa mimba si vibaya, hilo ni kweli na nalitanguliza usije ukapata presha kabla hujafika spitali. Ila ya mimba mara nyingi huwa pande zote mbili, leo yamejaa kesho yamelegea. Kitu kilichokaa pahala pamoja wiki mbili nzima, hakiondoki, tena kinakua, hicho kinataka kupigwa picha.

Usibishane na nesi kwa maneno, bishana kwa namba. Mie nilichukua rula ya skuli nikawa napima kila Ijumaa kabla ya kukoga, naandika nyuma ya kadi ya kliniki: tarehe, sentimita kwa urefu, sentimita kwa upana. Siku nilipomwekea daktari mbele yake 2, halafu 3 na nusu, halafu 5, hakusema tena ni maziwa.

Kabla ya hapo nilipoteza siku nyingi. Zahanati moja, jina naliacha, walinipa antibaotiki mara mbili wanasema jipu la ziwa. Sasa jipu linauma, linakuwa jekundu, lina moto, unatetemeka homa, na mie sikuwa na hata moja katika hayo. Na hata wewe ukiwa nalo jekundu na la moto, ukimaliza dozi na hali iko vile vile usipokee dozi ya pili mpaka upigwe picha, mana iko saratani inayojifanya jipu.

Picha na kinyama

Picha ya kwanza ni utrasaundi ya ziwa, ile ile mashine ya kuangalia mtoto ila kichwa chake kingine, haina mionzi kabisa. Ukienda kumpima mtoto sema hapo hapo na ziwa nalo liangaliwe, na kama aliyepo hapimi maziwa mwambie akuandikie uende wapi. Mamogramu nayo inafanyika ukiwa na mimba, mionzi yake ni kidogo na tumbo linakingwa. Kinachoepukwa ni MRI ya kudungwa ile dawa ya kung'arisha picha.

Lakini picha haitoi jina la uvimbe. Jina linatolewa na kinyama, yaani kipande cha ule uvimbe kinachopimwa maabara. Wanakupiga ganzi, wanaingiza sindano nene wanachukua vipande vyembamba kama uzi wa tambi, na hiyo ganzi haimdhuru mtoto. Bibi yangu aliposikia alikuja juu, uvimbe haupigwi chuma ukipigwa utaamka! Nimeisikia kwa watu kumi hiyo, kwetu Wete, Pemba, na hapa mjini Unguja, na nadhani imekuja kwa sababu watu wetu wanachelewa kwenda, wanachomwa sindano leo na baada ya miezi miwili wanafariki, basi lawama inakwenda kwenye sindano. Uvimbe hauamshwi na sindano, ulikuwa macho zamani. Ila wajuulishe kwamba una mimba, kwa sababu ziwa lenye maziwa linavuja damu zaidi na mara chache maziwa yanaweza kutokea pale kwenye tundu.

Kile kinyama ni mali yako, usikiachie njiani. Angalia kichupa kimeandikwa majina yako matatu, mpaka la babu, sisi huku Fatma Ali Juma wako wangapi? Uliza kinapimwa hapa Unguja au kinavushwa Dar, nani anakivusha, namba yake ya maabara ni ngapi, na majibu nije kuyachukua lini. Ripoti ikitoka omba kopi, piga picha kwa simu mtumie mtu mmoja unayemuamini akuwekee. Na ujue kwamba maabara wanabaki na vile vipande kwenye nta na kwenye vioo, kwa hiyo ukitaka daktari mwengine aangalie upya unaweza kuviombea, huna haja ya kukatwa mara ya pili.

Ripoti inaposema hakuna kitu na ziwa linasema kipo

Hapa ndipo nilipokaribia kupotea. Majibu yangu ya kinyama yalirudi yameandikwa faibroadenoma, uvimbe wa wasichana, si saratani, wengi wanaishi nao. Nyumbani tukasoma Alhamdulillah, mkwe wangu akapika mkate wa kumimina. Nikaambiwa ngoja uzae ndo utolewe.

Wiki mbili mbele rula ikasema sentimita 7.

Nikarudi kwa daktari wa operesheni, mzee mmoja mpole, nikamwambia daktari karatasi inasema hivi na rula inasema hivi, nifuate ipi? Akatazama akaniambia, "Bibie, fuata rula. Hivi viwili vinafanana kama pacha, na sindano inachota pahala padogo tu. Kinachokua kasi namna hii tunakitoa chote ndo tujue."

Alikuwa sawa. Filodesi na faibroadenoma kwenye picha hazitofautiani sana, na kinyama cha sindano kinaweza kukosea, kwa hiyo ikiwa unakua haraka na ripoti inasema mpole, uliza moja kwa moja: je, inaweza kuwa filodesi? Kwenye ripoti jina linaanza kwa p na h, phyllodes, usilitafute kwenye f. Asili yake ni Kigiriki, maana yake jani, kwa sababu ukikatwa ukitazamwa kwa darubini unajipanga kama majani, na aliyeupa jina hilo ni Mjerumani Johannes Müller mwaka 1838. Naona ajabu kitu cha kutisha kupewa jina zuri hivyo, lakini ndo hivyo.

Uko wa aina tatu. Mpole, ndo mwingi zaidi. Wa kati. Na mkali, ambao ndo unahesabiwa saratani na unaweza kusafiri kwa damu mpaka mapafuni. Usikubali kutoka chumbani bila ya kujua wako ni upi katika hiyo mitatu, tena kwa maandishi.

Na hili ulishike sana mana linabadilisha matibabu yote: dawa ya filodesi ni kisu. Hauendi sana kwenye vitonge (tezi) vya kwapani, kwa hiyo kwa kawaida kwapa halikwanguliwi. Kimo (kemotherapi, zile dawa kali za saratani) na vidonge vya homoni si tiba yake ya kawaida. Akikwambia mtu utaanza kimo muulize kwa upole, daktari, hii ni filodesi au ni ile saratani nyengine? Sio kumshindania, ni kuhakikisha mnazungumza ugonjwa mmoja.

Kukatwa na mtoto yumo

Hili ndo lililoninyima usingizi. Naweza kupasuliwa na mimba? Unaweza. Operesheni ya ziwa inafanyika wakati wowote wa mimba, wengi wanapenda miezi ya kati, baada ya ile mitatu ya mwanzo ya kutapika na kabla tumbo halijawa zito. Dawa za usingizi zinazotumika siku hizi hazijaonekana kumlemaza mtoto. Mie nilikatwa wiki ya 23.

Madaktari wawili lazima wajuane, wa operesheni na wa uzazi. Usiwe wewe ndo mpeleka salamu. Mie niliwaomba waandikiane kwenye faili moja, na niliuliza haya:

Mtoto atasikilizwa moyo kabla na baada? Nitalazwa ubavu wa kushoto kidogo, mana ukishapita wiki 20 ukilala chali tumbo linakandamiza mshipa mkubwa na damu haimfikii mtoto vizuri? Yuko nani wa usingizi anayejua kama nina mimba? Maumivu baadae nitapewa nini? Hili la mwisho usilidharau, panadoli hamna neno, lakini diklofenaki na jamaa zake ambazo tunazinunua dukani kama pipi si za mja mzito bila ya idhini ya daktari, hasa ukishavuka nusu ya mimba.

Na kama unaona haya kuvua mbele ya daktari mwanamme, sema tu, omba nesi mwanamke awepo na mume wako akae karibu. Dharura ina hukumu yake, nilimuuliza ustadhi akaniambia hata usilifikirie mara mbili.

Jambo la kumuuliza daktari wa operesheni ni pembezoni. Filodesi anatolewa na kipande cha nyama nzima kumzunguka, mafundisho ya zamani ni sentimita 1 kila upande, kwa wapole siku hizi baadhi yao hawang'ang'anii sana kipimo hicho. Ukimkwangua juu juu anarudi, na akirudi anaweza kurudi mkali zaidi. Mie ripoti ilirudi wa kati, na upande mmoja pembezoni haikuwa safi, yaani uvimbe ulifika mpaka ukingoni mwa nyama iliyokatwa. Nililia pale bandarini kama mtoto, nimekaa kwenye gogo natazama jahazi, kwa sababu maana yake ni kurudi mezani tena, na nikarudi, wiki ya 28. Mtoto alicheza usiku ule ule kama hakikutokea kitu.

Angekuwa mkali wangetaka kuangalia na mapafu, eksirei ya kifua inafanyika tumbo limefunikwa.

Ikiwa ripoti inasema saratani ya kawaida

Inatokea, si nyingi, inakisiwa kama mimba moja katika 3,000. Sikupitia mie lakini niliyelala naye wodi alikuwa nayo, nikajifunza kwake. Kupasuliwa ni vile vile. Kimo haipewi miezi mitatu ya mwanzo, inaanza baada ya hapo na inasimamishwa kama wiki tatu kabla ya kuzaa ili damu yako na ya mtoto ikae sawa. Mionzi inangoja uzae. Vidonge vya homoni kama tamoksifeni navyo vinangoja. Na mtu akikwambia itoe mimba ndo upone, mwambie akuoneshe kwamba kuitoa kunaongeza uhai, mana haijaonekana hivyo. Maamuzi ni yako na mumeo na madaktari, si ya jirani. Saratani ya mama haimwingii mtoto ila kwa nadra ya nadra, na madaktari wanajitahidi mtoto afike wiki 37, kuzaliwa kabla ya wakati ndo kunakomuumiza zaidi.

Safari ya Dar

Wengine tutaambiwa tuvuke, Muhimbili au Ocean Road, ambako ndo kuna mionzi. Usivuke na maneno, vuka na karatasi: barua ya rufaa yenye muhuri, kitambulisho cha Mzanzibari, kadi ya kliniki, ripoti ya kinyama, picha zote, karatasi ya damu. Tia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba, sio kwenye begi linalokaa chini ya boti.

Boti ya Unguja na Dar ni kama saa mbili, unastahamili. Wa Pemba ndo mna mtihani, mkondo wa Nungwi ukikupata wakati wa kusi na tumbo la miezi saba utatapika mpaka nyongo, bora ulale Unguja siku moja ndo uvuke. Ndege ni raha lakini tumbo likishakuwa kubwa wanataka barua ya daktari ya wiki ngapi, ichukue mapema usije kurudishwa mlangoni. Na pahala pa kulala Dar tafuta kabla, matibabu hayaishi siku moja, wala usimuamini jamaa anayesema "njooni tu" hajakutajia chumba.

Watu, kombe na mikono ya watu

Ukiwaambia watu hamsini utapata dawa hamsini. Mie niliwaambia watatu, mume wangu, mamangu na ndugu yangu wa Chake anayejua kusoma ripoti za Kizungu. Wengine waliambiwa nina operesheni ndogo. Mume wangu mwanzo alinyamaza siku tatu, nikadhani amechukia, kumbe alikuwa anaogopa kuniuliza kama nitakufa. Mwiteni chumbani kwa daktari asikie mwenyewe, usimletee habari za kuhadithiwa.

Mamangu aliniletea kombe. Nikanywa, maneno ya Mungu na maji ya zafarani hayajanizuia kwenda spitali. Ila kulikanda ziwa kwa nguvu, kulipaka madawa ya moto, kulichanja na kulipiga hijama pale pale kwenye uvimbe, hapana. Na midawa ya kunywa isiyojulikana hapana zaidi, yuko mtu ndani anakunywa na wewe. Sharti langu kwa mamangu lilikuwa moja, chochote kisichonifanya nikose tarehe ya daktari nakubali, kinachosema ngoja siku 40 kwanza sikikubali.

Kunyonyesha

Wa filodesi anaweza kunyonyesha, ziwa zima linatosha mtoto mmoja, wangu alinyonya la kulia miezi 20 na ni bonge. Lililokatwa lilivuja kidogo kwenye kovu wiki ya kwanza, nikaambiwa liache likauke. Anayepata kimo hanyonyeshi.

Kama maziwa hayakutosha na dada yako akajitolea kunyonyesha, ni kheri, aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili na hapo hapo imeruhusu mtoto kunyonyeshwa na mwengine, kwa hiyo usijione mkosa. Lakini liandike! Kwa Shafi tunahesabu mara tano, akishanyonya hizo tano basi watoto wa dada yako ni ndugu zake hawaoani, na sisi Wapemba tunavyopenda kuozana mabinamu, jambo hili mkilisahau litakuja kuwatoa watu machozi baada ya miaka 20 karamu ishapikwa.

Baadae

Filodesi akirudi mara nyingi hurudi miaka miwili mitatu ya mwanzo, pahala pale pale. Mie napigwa utrasaundi kila miezi sita, na kila mwezi najipapasa mwenyewe, kovu unalijua wewe kuliko mtu yeyote. Ukishika mimba nyengine nenda mapema, siku ya kwanza tu ya kliniki mwambie mkunga aandike juu kabisa ya kadi, kwa wino mwekundu: filodesi, mwaka gani, aina gani, ziwa gani. Mie nilimpa peni mwenyewe, mana yeye aliniambia hiyo si lazima mama, na nikamuomba aandike tu.